Dawa Iliyomezwa Bado Haijafika: Utangulizi wa Elimu ya Ufyonzwaji wa Mitishamba ya Kisukari

Mwaka 1998 watafiti wa Bangalore, India, waliwapa watu wenye afya njema gramu 2 za kurkumini, kiambato kinachoyapa manjano rangi yake, kisha wakawatoa damu na kuitafuta humo. Walichokiona kilikuwa kidogo mno: takriban maikrogramu 0.006 kwa mililita. Waliporudia dozi ileile wakaongeza miligramu 20 za piperini, kiambato kinachoipa pilipili manga ukali wake, kiwango kikapanda hadi 0.18, na kwa jumla kurkumini iliyopatikana damuni ikaongezeka kwa asilimia 2000. Miligramu 20 za piperini zinapatikana katika chini ya nusu gramu ya pilipili manga, kiasi ambacho mpishi wa pilau hata hakihesabu.

Wengi wetu tulivutwa katika uwanja huu na jaribio hilo, nami nakukaribisha kwa kupitia hapohapo. Ila usikae hapo. Ukilisoma haraka utatoka na fundisho moja: mitishamba ya kisukari inashindwa kwa sababu haifyonzwi, basi tukiitengeneza vizuri ikafyonzwa, kazi imekwisha. Fundisho hilo limezaa makala nyingi, vidonge vya bei ghali, na matumaini makubwa kuliko ushahidi. Kuna swali linalolitangulia: kiambato hiki kinafanyia kazi wapi mwilini? Anayelijua jibu lake ndiye anayeweza kuamua kama kifikishwe damuni, kibakizwe utumboni, au kiachwe kabisa. Yote nitakayosema hapa yanalizunguka swali hilo.

Sababu za kulijali si za kitaaluma tu. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kwamba mwaka 2024 watu wazima milioni 589 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa huu, na barani Afrika zaidi ya nusu ya walio nao hawajijui. Wanaojijua nao wengi hawategemei kliniki peke yake. Kabatini, kando ya metformini, utakuta unga wa mlonge, chupa ya mwarobaini, mbegu za uwatu zilizolowekwa usiku, habasoda, kokwa za zambarau zilizosagwa. Katika nyumba zenye asili ya Kihindi, juisi ya karela. Mgonjwa hamwambii daktari, na daktari haulizi. Kwa hiyo mjadala wa kama watu watumie mitishamba umepitwa na wakati. Wanaitumia. Kilichobaki ni kujua kama inafika inakotakiwa kufika, na ikifika inafanya nini.

Tuelewane jambo moja mapema. Ninazungumzia kisukari cha aina ya pili, ambacho insulini bado ipo lakini haitoshi au mwili hauiitikii ipasavyo. Katika aina ya kwanza kongosho limeacha kutoa insulini, na hakuna mmea unaojulikana wa kuchukua nafasi ya sindano. Mgonjwa wa aina hiyo akiiacha insulini kwa ajili ya chupa ya mizizi anaweza kufa ndani ya siku chache.

Sasa tuifuate safari yenyewe. Kiambato kikishamezwa, kwanza lazima kiyeyuke, kwa maana utumbo haufyonzi vumbi la unga, unafyonza molekuli moja moja. Kurkumini karibu haiyeyuki kabisa majini, ndiyo maana manjano uliyoyakoroga kwenye glasi hutulia chini. Kisha kuna asidi ya tumbo na vimeng'enya vya kumeng'enya chakula, ambavyo havibagui: protini ya dawa hukatwakatwa sawa na protini ya maharage. Kinachosalimika kinatakiwa kupenya ukuta wa utumbo mwembamba, ambao seli zake zina utando wa mafuta. Kinachopenda maji mno hakipiti utando huo, na kinachopenda mafuta mno hakifiki hata kwenye ukuta kwa sababu hakikuyeyuka. Ndani ya seli hizo ipo protini iitwayo P-glaikoprotini, inayofanya kazi kama askari wa getini: kila mgeni anayemtilia shaka humrudisha alikotoka. Kilichofanikiwa kupita huchukuliwa moja kwa moja hadi kwenye ini kabla ya kusambaa mwilini, na ini hukibadilisha ili kitolewe kwa nyongo au mkojo. Piperini hufanikiwa kwa sababu huwapunguzia nguvu walinzi wote wawili, P-glaikoprotini ya utumbo na vimeng'enya vya ini.

Mwaka 1995 Gordon Amidon na wenzake walipendekeza dawa za kumeza zigawanywe katika makundi manne kwa vigezo viwili tu, uyeyukaji na upenyaji. Mamlaka za dawa bado zinautumia mgawanyo huo, na mwanafunzi anayeingia uwanjani afadhali auzoee kabla ya kununua kifaa chochote, kwani humwonyesha kikwazo kiko wapi. Metformini, kwa mfano, huyeyuka vizuri sana lakini hupenya kwa shida. Kuisaga iwe laini zaidi ni kupoteza muda.

Turudi Bangalore na kalamu mkononi. Si ajabu kukuta makala ya maabara ambamo seli zimemwagiwa kurkumini ya maikromola 50, zikachukua sukari vizuri, na mwandishi akahitimisha kwamba manjano yanatibu kisukari. Uzito wa molekuli ya kurkumini ni 368, kwa hiyo maikromola 50 ni takriban miligramu 18 kwa lita. Kiwango cha juu kilichopatikana kwa wale watu waliopewa piperini kilikuwa miligramu 0.18 kwa lita. Yaani hata baada ya muujiza wa asilimia 2000, damu yao ilikuwa na sehemu moja kwa mia ya kile kilichotumika maabara. Ndiyo sababu nawashauri wanafunzi, kila wanaposoma kwamba kitu fulani kimeongeza ufyonzwaji mara ishirini au hamsini, waulize: mara ishirini ya nini? Mara ishirini ya karibu sifuri bado ni kidogo.

Mfano unaofundisha kuliko yote katika elimu hii unatoka kwenye gome la mtufaa. Mwaka 1835 wanakemia wa Ubelgiji walitoa ndani yake kiambato kichungu wakakiita florizini. Karibu na mwisho wa karne hiyo, daktari Mjerumani Josef von Mering akaonyesha kwamba mnyama akipewa florizini hukojoa sukari nyingi. Kwa miaka mingi jambo hilo lilichukuliwa kuwa kioja cha maabara. Baadaye ikafahamika kwamba florizini huziba protini za figo zinazorudisha sukari mwilini, na mwaka 1987 watafiti wa Marekani wakaripoti kwamba panya wenye kisukari waliopewa florizini sukari yao ilirudi katika hali ya kawaida. Ungedhani hapo dawa imepatikana. Lakini panya wale walidungwa sindano. Florizini ikimezwa hufyonzwa vibaya, na utumboni hukutana na kimeng'enya kinachoikata kipande chake cha sukari, ikabaki nusu isiyo na kazi ileile. Kimeng'enya hicho ndicho kinachovunja sukari ya maziwa, na jina lake la kitaalamu mpaka leo limebeba majina yote mawili, la laktosi na la florizini.

Waliotaka kuigeuza kuwa kidonge hawakukimbilia pilipili manga. Waliuliza molekuli inakatwa wapi. Kiungo kinachoishika sukari ya florizini hupitia atomu ya oksijeni, na hapo ndipo kimeng'enya kinapopata nafasi ya kukata. Wanakemia wakaunda molekuli zinazofanana nayo ambazo sukari yake imeshikwa moja kwa moja na kaboni, kiungo ambacho kimeng'enya hakiwezi kukivunja. Wakahakikisha pia kwamba zinaziba zaidi protini ya figo kuliko ndugu yake wa utumboni, ambaye akizibwa huleta kuhara. Hivyo ndivyo zilivyozaliwa dapagliflozini, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2012, na kanagliflozini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013. Vidonge hivyo leo vinatumika hata kulinda moyo na figo. Kutoka gome la mtufaa hadi kidonge ilipita karibu miaka 180, na sehemu kubwa ya ugumu haikuwa kujua kama kiambato kinafanya kazi. Ilikuwa kukifikisha.

Basi mtu atasema, umeona, ufyonzwaji ndio kila kitu. Hapo ndipo metformini inapotuvuruga.

Asili yake nayo ni mmea. Galega officinalis, gugu la maua ya zambarau lililotumika Ulaya tangu zama za kati, lina galegini, ambayo miaka ya 1920 ilijaribiwa kwa wagonjwa wa kisukari ikaachwa kwa sababu ya sumu yake. Ndugu yake wa kemia, metformini, alitengenezwa Dublin mwaka 1922 na Emil Werner na James Bell, akasahaulika hadi daktari Mfaransa Jean Sterne alipochapisha habari za matumizi yake kwa wagonjwa mwaka 1957. Marekani iliikubali mwaka 1994. Karibu nusu tu ya dozi hufyonzwa, na kwa muda mrefu nusu iliyobaki ilihesabiwa kuwa hasara. Kisha mwaka 2016 yakachapishwa matokeo ya metformini iliyotengenezwa kwa makusudi ifunguke mbali chini utumboni, mahali ambapo hufyonzwa kidogo. Kiasi chake damuni kilishuka sana, lakini uwezo wake wa kushusha sukari ulibaki kwa sehemu kubwa. Inaonekana kazi yake nyingi inafanyika palepale utumboni. Fikiria mtu angetumia miaka kumi ya maisha yake kuifanya metformini ifyonzwe yote: angeiongezea madhara damuni na kuiondoa mahali inapofaa.

Mimea mingi tuliyonayo iko upande huo wa utumbo, na inashangaza jinsi watafiti wanavyoihangaikia kuivusha. Chukua uwatu. Loweka mbegu zake na utaona maji yakiwa mazito na yenye utelezi. Utelezi huo ni nyuzi zinazoyeyuka, na tumboni hufanya hivyohivyo: huufanya mchanganyiko wa chakula kuwa mzito, ukapunguza kasi ya sukari ya ugali au mkate kuingia damuni. Nyuzi hizo hazifyonzwi, wala hazipaswi kufyonzwa. Anayechukua uwatu, akautoa dondoo kwa spiriti, akachuja na kuweka kwenye kapsuli ya miligramu 300, amezitupa nyuzi pamoja na makapi. Huenda amebakiza viambato vingine vyenye faida, lakini asidai kwamba ametengeneza uwatu bora. Ametengeneza kitu kingine.

Sri Lanka kuna mmea wa jamii ya Salacia, wenyeji wanauita kothala himbutu, ambao mbao yake huchongwa vikombe. Mgonjwa wa kisukari humimina maji ndani ya kikombe jioni, akayanywa asubuhi. Mwaka 1997 watafiti wa Japani walieleza kiambato kilichotoka katika mmea wa jamii hiyo, salasinoli, kinachozuia vimeng'enya vinavyovunja wanga utumboni. Kinafanya kazi ndani ya bomba la chakula, kabla ya damu. Dawa ya namna hii inataka kunywewa wakati wa kula, ikutane na wanga. Nanochembe za kuipenyeza damuni zingekuwa gharama bila faida.

Katikati ya kambi hizo mbili, ya damu na ya utumbo, imekaa beberini, rangi ya njano iliyomo katika mizizi na magome ya mimea ya Berberis na baadhi ya jamaa zake. China imeitumia kwa kuhara tangu kale, na huku kwetu Berberis holstii huota katika nyanda za juu za Afrika Mashariki. Mwaka 2008 madaktari wa Shanghai walichapisha jaribio la watu 36 waliogunduliwa karibuni kuwa na kisukari, baadhi wakapewa beberini miligramu 500 mara tatu kwa siku na wengine metformini, kwa miezi mitatu. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, kilishuka kwa waliotumia beberini kutoka asilimia 9.5 hadi 7.5, karibu sawa na metformini. Lilikuwa jaribio dogo, lakini ajabu yake inabaki: beberini inayofika damuni ni chini ya asilimia moja ya kilichomezwa, kwa sababu P-glaikoprotini huirudisha utumboni bila huruma.

Imefanyaje kazi basi? Majibu yanayotolewa yanapingana, na huo ndio utamu wa uwanja huu. Wapo wanaosema kidogo kinachopita kinatosha, kwa kuwa hujikusanya kwenye ini na viungo vingine. Wapo wanaosema kazi iko kwa bakteria wa utumbo, ambao beberini hubadilisha mizani yao. Na mwaka 2015 watafiti wa China walionyesha kwamba bakteria haohao huibadilisha beberini kuwa dihidroberberini, inayopenya ukuta kwa urahisi zaidi, kisha ikipita hurudi kuwa beberini. Likiwa jibu la mwisho ndilo sahihi, mtengenezaji wa dawa angeweza kuiruka hatua hiyo kwa kuwapa watu dihidroberberini moja kwa moja, na tayari wapo wanaoiuza. Likiwa la pili, anayeongeza ufyonzwaji anaharibu. Mimi naegemea upande wa utumbo kuliko wenzangu wengi, lakini ushahidi wa kunitosha kula kiapo sina.

Ukishajua kiambato kinatakiwa kwenda wapi, ufundi wenyewe una zana nyingi, na nyingine ni rahisi kuliko majina yake. Ya kwanza ni kusaga: chembe ikiwa ndogo, eneo lake linalogusana na maji huwa kubwa zaidi, ikayeyuka upesi. Nanochembe ni wazo hilohilo lililofikishwa mbali. Zana nyingine ni mafuta. Mtu anayekaanga manjano kwenye mafuta kabla ya kutia tui la nazi anaiyeyusha kurkumini katika kitu kinachoipenda, na nyongo yake huyapasua mafuta hayo kuwa matone madogo utumboni. Wataalamu huyatengeneza matone hayo mapema, wakachanganya mafuta na visabuni vinavyolika ili kapsuli ikifunguka tumboni ijitawanye yenyewe. Tangu Alec Bangham wa Uingereza na wenzake walipoeleza mwaka 1965 jinsi fosfolipidi zinavyojikunja majini kuwa viputo, watu wamevitumia kubebea dawa ndani yake. Na kampuni ya Indena ya Milano iliendeleza njia ya kuviunganisha viambato vya mimea na fosfolipidi za soya, njia iliyosaidia hasa viambato visivyopenda mafuta vya kutosha. Kisha kuna saiklodekstrini, pete za sukari zinazotengenezwa kutokana na wanga, zenye tundu linaloweza kuificha molekuli inayochukia maji. Zilielezwa kwa mara ya kwanza Ufaransa mwaka 1891. Nchi zinazolima muhogo kwa wingi zina malighafi ya kitu hicho shambani.

Kwa peptidi, kama zile za karela ambazo zimesifiwa tangu mwaka 1981 zilipojaribiwa kwa sindano, njia ni ngumu zaidi. Semaglutidi ya kumeza, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019, ni peptidi iliyovushwa kwa msaada wa kemikali inayoilinda tumboni na kufungua ukuta kwa muda mfupi. Pamoja na utaalamu wote huo, mgonjwa lazima aimeze akiwa hajala, kwa maji kidogo, asubiri nusu saa, na bado kinachofyonzwa hakizidi takriban asilimia moja. Anayekuambia kwamba peptidi ya karela inashusha sukari kwa kunywa juisi, mwulize inavukaje.

Nina malalamiko mawili kuhusu namna tunavyofanya utafiti. Bibi anachemsha majani kwa maji. Mtafiti anayachukua majani hayohayo, anayaloweka kwenye methanoli, anawapa panya, sukari inashuka, na hitimisho linasema matumizi ya jadi yamethibitishwa. Hayajathibitishwa. Methanoli huvuta viambato ambavyo maji hayavivuti, kwa hiyo kilichopimwa ni dawa ambayo hakuna mgonjwa aliyewahi kuinywa. La pili ni dozi. Panya akipewa miligramu 500 za dondoo kwa kila kilo, ukizigeuza kwa kanuni ya kawaida ya kugawa kwa 6.2, mtu wa kilo 60 atahitaji karibu gramu 4.8 za dondoo kwa siku. Ikiwa majani makavu hutoa dondoo la asilimia 10 ya uzito wake, hizo ni gramu 48 za majani makavu kila siku. Hesabu hii huchukua dakika mbili, na makala nyingi hazina.

Ndiyo maana nayaheshimu majaribio yaliyotoka bila kitu. Mwaka 2001 watafiti wa Muhimbili, Dar es Salaam, walichapisha matokeo ya wagonjwa 21 wa kisukari waliopewa kwa wiki moja dondoo la maji la Phyllanthus amarus, mmea unaotumiwa na waganga wengi. Sukari haikushuka, wala ya kabla ya kula wala ya baada ya kula. Brazil nako, chai ya majani ya mzambarau ilipopimwa kwa watu haikuonyesha kushusha sukari. Mbele ya matokeo ya namna hii kishawishi cha mtu wa fani yetu ni kusema: haikufyonzwa, nipeni nafasi niitengeneze upya. Huenda ni kweli. Huenda pia mmea haufanyi kazi. Anayedai ni ufyonzwaji aonyeshe kwanza kiambato gani kilikuwa ndani ya chai, kiasi gani, na kwamba kikidungwa au kikiwekwa mahali pake kinafanya kazi kweli. Florizini ilipita mtihani huo kabla ya mtu kuigusa kemia yake.

Kuna upande mwingine ambao wauzaji hawautaji. Unapofungua mlango kwa kiambato kimoja, unaufungulia na vingine. Piperini imeonyeshwa kupandisha kiwango damuni cha fenitoini, dawa ya kifafa, na cha propranololi ya moyo na shinikizo la damu. Mgonjwa wa kisukari mara nyingi humeza dawa nne au tano kwa siku; kidonge cha manjano chenye piperini hakiingii peke yake. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walieleza wagonjwa 10 walioumizwa ini na bidhaa za manjano. Watano walilazwa, mmoja akafariki. Katika bidhaa saba zilizopimwa, tatu zilikuwa na piperini. Manjano ya kwenye mchuzi yana historia ndefu ya usalama, lakini usalama huo ulitegemea kwa sehemu kwamba hayafyonzwi. Ukibadilisha ufyonzwaji umetengeneza dawa mpya, na dawa mpya huanza upya kupimwa sumu.

Kuna pia udanganyifu mtupu. Mwaka 2008 nchini Singapore watu 150 wasio na kisukari walifikishwa hospitalini sukari ikiwa imeanguka vibaya, na wanne wakafa. Uchunguzi ulikuta bidhaa za nguvu za kiume zilizotiwa glibenklamidi, dawa ya kisukari ya hospitalini. Kwa hiyo mtishamba unaoshusha sukari kwa kasi ya kushangaza upelekwe maabara kabla ya kusifiwa. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na baraza lake, ina Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974, na Kenya ina kituo cha dawa za asili ndani ya KEMRI. Vifaa vya kutambua glibenklamidi ndani ya unga wa majani si vya ajabu. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuupeleka unga huo kupimwa.

Nimalizie kwa kazi ambayo ningependa mmoja wenu aifanye. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu, wakiwemo wagonjwa wa kisukari, walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Macho ya wote yalikuwa kwenye kikombe kile. Lakini katika wilaya hiyohiyo ya Ngorongoro, miaka kumi na zaidi kabla, Timothy Johns wa Chuo Kikuu cha McGill pamoja na wenzake, akiwemo mtaalamu wa Muhimbili, walikuwa wamechunguza magome na mizizi ambayo Wabatemi na Wamaasai hutia kwenye supu ya nyama na maziwa. Sehemu kubwa ya mimea hiyo ilikuwa na saponini au fenoli, au vyote viwili. Wao walikuwa wakitafuta sababu ya lehemu kutopanda kwa watu wanaokula mafuta mengi. Mtu wa ufyonzwaji akiisoma kazi hiyo anaona jambo jingine: saponini ni sabuni za asili, hupasua mafuta kuwa matone, na supu ile ina mafuta, ina joto, na ina gome lililochemka kwa muda mrefu. Viungo vyote vya mfumo wa kubebea dawa vimo sufuriani.

Je, supu inavusha kitu ambacho maji matupu hayavushi? Wamaasai hutumia gome la olkiloriti, ambalo ni rahisi kupatikana na lina fenoli nyingi. Lichemshe kwa maji peke yake, kisha kiasi hichohicho kwenye supu yenye mafuta yaliyopimwa. Wape watu haohao vyote viwili kwa siku tofauti, na sahani moja ya ugali wa uzito uleule. Pima fenoli damuni kwa saa kadhaa, na sukari kila nusu saa. Kama sukari inashuka kwa vyote viwili na fenoli damuni hazionekani, gome linafanya kazi utumboni, na supu ni chakula tu. Kama tofauti ipo, tuna pa kuanzia. Hata kabla ya kumtafuta mshiriki wa kwanza, iache supu ipoe, engua mafuta yaliyoganda juu, na upime ni kiasi gani cha kiambato kimehamia humo na kiasi gani kimebaki chini kwenye maji.